Neno Moja Kwenye Jiwe la Mzee Gerson

Elieth alikuwa na mwandiko ambao watu waliusifu kabla hawajajua jina lake. Shuleni kwao Mpwapwa, mwalimu mkuu alikuwa akimwita aje aandike tarehe na somo ubaoni, kwa sababu, alisema, ubao ulioandikwa na Elieth uliifanya hata hesabu ionekane nyepesi. Shule yake iliishia darasa la saba, lakini mwandiko haukuishia hapo. Alipoolewa na Bartolomayo, fundi wa mawe ya makaburi pale Msalato, alimkuta mume hodari wa kukata marumaru na kuing'arisha mpaka ujione uso, ila herufi zake zilikwenda ovyo kama mbuzi wanaoteremka mlima. Bi harusi hakutaka kumuudhi mwenzake. Alikaa akitazama siku kadhaa, mwisho akasema, "Mume wangu, kwa nini mimi nisichore, wewe ukachonga?"

Wakafanya hivyo miaka na miaka. Yeye alipima kwa rula na kuchora kwa penseli ya seremala, mume akafuata nyuma kwa patasi na nyundo. Walilea watoto kwa kazi hiyo, wakawasomesha, wakawaoza. Kisha kiharusi kikampiga Bartolomayo upande wa kulia. Mkono ukalegea, mdomo ukaenda upande, maneno yakawa yanamtoka kama mtu mwenye kitu kinywani. Elieth akaishika na patasi pia. Alimwekea mumewe kiti chenye mto kando ya meza ya kazi, na kila alipomaliza mstari alimwuliza, "Umekaaje?" Bartolomayo alifumba jicho moja, akatazama, akasema polepole, "O ya pili imeshuka." Ukipima, kweli imeshuka.

Zamani wateja wao walitaka Kiswahili tu: jina, kuzaliwa, kufa, na aya ya Biblia. Mengine yalikuja kwa Kigogo. Lakini Serikali ilipohamia huku, wizara zikajengwa, na watu wa kila mkoa wakaja na misiba yao, Kiingereza nacho kikaanza kupanda juu ya makaburi. Elieth hakuogopa. Mteja alileta maneno yameandikwa kwenye karatasi, naye aliyahamishia kwenye jiwe herufi kwa herufi, kama mtu anayenakili mshono wa kikapu. Akipata shaka alifungua kamusi iliyomo kwenye simu yake. Kwa njia hiyo alijiokotea maneno mengi, na moyoni aliona fahari kidogo, kwamba huyu aliyeishia darasa la saba leo anajua *beloved*, yaani mpendwa, inaandikwaje.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa alipokuja Cecilia.

Cecilia alikuwa mtumishi katika wizara moja pale mjini, mwanamke wa makamo, mpole wa maneno. Baba yake, Mzee Gerson, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikuwa fundi wa visima. Katika nchi ile kavu hakuna kijiji ambacho hakijawahi kumwita mtu kama yeye, na watu walisema alikuwa akiweka sikio chini na kusikiliza kabla ya kushika sururu. Familia sasa ilitaka kumjengea kaburi kijijini kwao, ng'ambo ya Buigiri, na siku ya ibada ilikuwa imepangwa. Cecilia alipita kati ya mawe akichagua, akasimama kwenye marumaru moja ya kijivu yenye mishipa myeupe.

"Hili linafanana naye," alisema. "Mama, maneno nitakuletea. Nataka kwanza nikae na mdogo wangu tuyapange."

Lakini kazi za ofisi hazina huruma. Alitumwa safari ya ghafla, na maneno yakaja kwa ujumbe wa sauti kutoka ndani ya gari, upepo ukivuma dirishani. Jina la baba alilitaja herufi moja moja. Tarehe alizirudia. Kisha akasema, "Na chini yake, mama, uweke hivi kwa Kiingereza: *He lived for others.* Asante mama, baki salama."

Elieth aliusikiliza ujumbe ule, akausikiliza tena. Masikioni mwake lilikuja hivi: *hi livd*. Neno *liv* alilijua vizuri. Watumishi wa Serikali wakienda likizo husema wako liv. Hata kwenye redio aliwahi kulisikia likitafsiriwa kuwa ni kuondoka. Akaliandika kwenye kamusi ya simu, *leaved*, na kamusi ikamwambia hilo silo. Anayeondoka leo ni *leave*, aliyeondoka jana ni *left*.

"Binti wa watu amekosea," alimwambia Bartolomayo. "Alitaka kusema *left*."

"Muulize," alisema Bartolomayo.

"Nimuulize nini? Msomi mzima, tena yuko kwenye msiba. Nimwambie Kiingereza chako kina kasoro? Nitamtia aibu bure."

"Muulize," Bartolomayo alirudia.

"Na maana yake ni nzuri, sikiliza. Aliondoka kwa ajili ya wengine. Mtu amechimba visima maisha yake yote, ameondoka amewaachia wengine maji. Mimi ningeandikiwa hivyo ningefurahi."

Bartolomayo akanyamaza, kwa sababu kubishana kulimchosha ulimi, na pia kwa sababu maana ile hata yeye aliiona nzuri. Elieth akachora, akachonga. Yalikuwa maandishi mazuri kuliko yote aliyofanya mwaka ule, ya kina, yenye kona kali, na chini kabisa, kwa herufi kubwa: HE LEFT FOR OTHERS.

Jiwe lilipelekwa kijijini na gari la kukodi. Elieth na mumewe walilisindikiza wenyewe, wakalilaza juu ya mto wa zege uliokuwa umejengwa kichwani pa kaburi, uso wake ukitazama juu kwa kuinama kidogo, kisha wakalifunika kwa kitenge kipya. Bibi Anyesi, mjane wa Mzee Gerson, aliwapokea kwa Kigogo, "Mbukwa, mbukwa," akawapikia ugali wa uwele na mlenda, akawakataza katakata kurudi Msalato kabla ya ibada.

"Mtu aliyemtengenezea mume wangu mto wa kulalia," alisema, "halafu aondoke kabla ya kula naye? Hapana, mwanangu."

Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye macho yaliyozoea jua. Kiingereza hakujua, na Kiswahili chenyewe alikisema kwa kukipumzisha hapa na pale.

Asubuhi ya ibada watu walijaa. Wengi walitoka vijiji ambavyo Mzee Gerson alivichimbia visima. Mchungaji alisoma, kwaya ikaimba, kitenge kikafunuliwa na watu wakapiga makofi. Walipita kwa zamu, wakaligusa jiwe, wakasema limependeza. Cecilia, aliyekuwa amefika asubuhi ileile moja kwa moja kutoka safarini, alilitazama kwa macho yaliyojaa machozi na hakuona zaidi ya jina la baba yake. Kwa kweli hakuna aliyelisoma. Watu wakiona jiwe zuri hulitazama tu.

Aliyelisoma ni asiyeona.

Obedi, mdogo wake Cecilia, alipoteza macho akiwa darasa la pili, baada ya kuugua. Alisomea Buigiri kwenye shule ya watoto wasioona, akaendelea mpaka chuo kikuu kule Chimwaga, na sasa alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika sekondari. Herufi za kawaida alikuwa amekwisha kuzijua kabla giza halijaja, na vidole vyake havikuzisahau. Watu walipopungua, dada yake alimshika mkono akampeleka. Akapiga magoti, akaweka viganja viwili juu ya marumaru, akaanza juu.

Elieth alikuwa amesimama karibu, na moyo wake ulijaa. Hakuwahi kumwona mtu akiyapokea maandishi yake namna ile. Vidole vilipita kwenye jina la baba, vikakaa hapo. Vikapita kwenye tarehe. Vikateremka mstari wa mwisho, vikasimama, vikarudi nyuma, vikapita tena polepole.

"Dada," Obedi alisema, "hapa chini ulitaka paandikwe nini?"

"*He lived for others.*"

"Hapa pameandikwa *left*."

Cecilia aliinama akatazama. Uso ukambadilika. Akamgeukia Elieth, akageuka tena kwenye jiwe kana kwamba safari hii litasoma vingine. Elieth alijua tu kwamba kuna jambo, na kwamba jambo hilo ni lake.

Bibi Anyesi alikuwa amekaa kwenye mkeka hatua chache kutoka pale. "Mnanong'ona nini juu ya baba yenu?"

"Si kitu, mama," alisema Cecilia.

"Obedi?"

Obedi hakuzoea kumficha mama yake kitu. "Mama, kuna kosa. Dada alitaka jiwe liseme kwamba baba aliishi kwa ajili ya wengine. Sasa linasema," akasita, "linasema baba alituacha, akaenda kwa watu wengine."

Bibi Anyesi alimtazama Elieth muda mrefu, mpaka Elieth akainamisha kichwa. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu:

"Nani kamwambia?"

Cecilia akamgeukia. "Kamwambia nini, mama?"

"Tukimaliza kulisha watu tutaongea," alisema Bibi Anyesi, akainuka, akakung'uta kanga, akaenda jikoni.

Mchana ule wageni walipokwisha kutawanyika, walikaa kwenye kivuli cha ukuta wa jiko: Bibi Anyesi, watoto wake wawili, Elieth na Bartolomayo. Elieth aliomba msamaha kabla hajakaa vizuri. Alieleza yote: ujumbe, upepo, kamusi, na jinsi alivyoogopa kumtia aibu binti. Cecilia alikuwa amekasirika, na haki yake.

"Ungeniuliza tu, mama. Neno moja."

"Nilimwambia," alisema Bartolomayo.

Elieth akautoa ujumbe wenyewe simuni, akauweka wote wasikie. Upepo ukavuma, jina likatajwa herufi moja moja, kisha *he lived for others*. Obedi akaomba uchezwe tena. Akacheka kimyakimya, mabega yakitikisika.

"Dada, wewe mwenyewe umesema *leaved*."

"Mimi? Nimesema *lived*."

"Sema sasa, *lived*."

Cecilia akasema.

"Sema *leave*."

Akasema.

"Yote mawili umeyatoa kwenye mfuko mmoja," alisema Obedi. "Si kosa lako, wala si la mama Elieth. Kiswahili kina i moja tu, uivute usiivute neno halibadiliki. Wenzetu wanazo mbili. Wanafunzi wangu wote ndivyo wanavyosema. Mimi mwenyewe ilinichukua muda, na mimi sina kazi nyingine ila kusikiliza."

Hasira ya Cecilia ikaanza kupoa, maana ni vigumu kumkasirikia mtu aliyekosea kwa mdomo wako. Lakini swali lililomkaa kooni halikuwa hilo. "Mama," alisema, "ulimaanisha nini pale makaburini?"

Bibi Anyesi alikuwa akichambua mboga. Hakuacha.

"Baba yenu aliitwa Manyoni kuchimba kisima," alisema. "Wewe Cecilia ulikuwa umeanza shule. Obedi alikuwa mgongoni. Kisima kilipata maji upesi, habari zikatufikia, watu wakanipongeza. Yeye hakurudi. Kulikuwa na mwanamke kule. Nililima peke yangu, nikavuna peke yangu. Nikalima tena."

"Ulituambia yuko kazini."

"Alikuwa kazini. Kule nako kulikuwa na visima." Akatupa shina la mboga pembeni. "Uwele ulipokuwa umekomaa mara ya pili, nikatoka asubuhi nikamkuta amekaa pale nje kwenye kigogo. Hakubisha hodi. Sururu yake iko chini, na amekonda. Nilimtazama, nikarudi ndani, nikasonga ugali. Ulipoiva nikamwambia, kama unakula, nawa mikono. Akanawa. Basi."

"Hukumuuliza?"

"Nilimuuliza miaka mingine baadaye, tumeshazeeka. Akasema alikuwa mjinga. Nikamwambia hilo nilikuwa nalijua." Midomo ya Bibi Anyesi ikachezacheza. "Hakuondoka tena. Akienda kuchimba, hata kama ni mbali, alirudi kabla tope halijakauka miguuni. Nikawa namwambia, Gerson, oga kwanza, maji umeyatoa wewe mwenyewe."

Obedi alikuwa amegeuza uso upande wa sauti ya mama yake. Cecilia alikuwa akilia, lakini si kilio cha asubuhi. Ni Elieth aliyejiona mzito kuliko wote. Alikuwa ameingia katika nyumba ya watu na patasi, akachimbua kitu kilichokuwa kimezikwa kwa upole na mwenye nacho.

"Bibi," alisema, "nisamehe. Nitaling'oa jiwe leo. Marumaru ina uso wa pili, mgongoni. Nitaung'arisha, nichonge upya neno sahihi, na huu wa sasa nitausaga usibaki alama."

"Utachonga," alisema Bibi Anyesi. "Neno la Cecilia ni zuri, na ni kweli. Baba yenu aliishi kwa ajili ya watu. Lakini huo mwingine usiusage."

"Mama," alisema Cecilia.

"Uende chini, kwenye zege, umtazame yeye. Wa juu ni wa watu. Wa chini ni wangu na Gerson." Akainua sufuria. "Nao ni kweli, mwanangu. Huyu mama hakuandika uongo."

Basi Elieth na Bartolomayo hawakuondoka. Mchanganyiko wa saruji ulikuwa bado mbichi na jiwe lilitoka bila kuvunjika kona. Wakaliweka juu ya magunia uani kwa Bibi Anyesi, na siku zilizofuata kijiji kilisikia mlio wa patasi toka asubuhi. Obedi alikuwa likizo, naye alikaa kando ya jiwe kama Bartolomayo alivyokaa upande wa pili, mmoja akipima kwa jicho, mwingine kwa kidole. Elieth hakuvuka neno kabla Obedi hajaligusa.

Na katikati ya kazi aliuliza. Alikuwa na maswali ya miaka.

"Nitazitofautishaje, mwalimu? Nikisikia tena kwenye simu?"

"*Live* likate," alisema Obedi, "kama unavyokata uzi kwa meno. *Leave* livute, kama unavyomwita mtu aliyekwisha kufika mbali. Jaribu."

Elieth akajaribu. Kutoka jikoni Bibi Anyesi naye akajaribu, na Obedi akakiri kwamba matamshi ya mama yake yalikuwa bora.

"Na wakati wa kuandika, usisikilize, tazama. Anayeishi ana i tupu baada ya l, na ishi yenyewe kwa Kiswahili inaanza na i. Anayeondoka ana a tumboni mwake, kama anayeaga. Akishaondoka, akiwa ameondoka jana, hana tena a yake, amekuwa *left*. Aliyeishi anabaki na i yake: *lived*."

Elieth alirudia kimoyomoyo. Ishi, i. Aga, a. Akashangaa jinsi lilivyomwingia kirahisi, yeye aliyekuwa amebeba maneno yale miaka yote kama mizigo ya watu wengine.

"Kuna jingine linanisumbua," alisema. "Wateja wanapenda kuandika *Here lies*. Mjane mmoja alikataa. Alitazama kamusi akaona *lie* ni kusema uongo, akaniambia mumewe hakuwa mwongo hata siku moja. Tukaandika Kiswahili."

"*Lie* ni kudanganya, na ni kulala pia. Aliyedanganya jana ni *lied*. Aliyelala jana ni *lay*."

"*Lay* si ndiyo kumlaza mtu?"

"Ndiyo. *Lay* ya leo ni kumlaza mwingine, na ya jana yake ni *laid*. Na *lay* ya jana ni kulala mwenyewe."

Elieth aliiweka nyundo chini. "Hawa watu walikosa maneno mengine?"

Bartolomayo alicheka mpaka mate yakamtoka upande wa mdomo, na Elieth akamfuta kwa ncha ya kanga yake bila kukatisha maongezi. Obedi alisikia mlio mdogo wa kitambaa, akangoja uishe kabla ya kuendelea.

Walipomaliza, Cecilia alirudi kutoka mjini. Uso mpya ulisema HE LIVED FOR OTHERS, na Obedi aliupitisha vidole tangu mwanzo hadi mwisho akausoma kwa sauti, i yake fupi, safi. Jiwe likarudishwa kaburini, saruji ikachanganywa. Jiwe likiwa limesimamishwa kwa ubavu kabla ya kulazwa, Bibi Anyesi akasogea.

"Hilo neno la kuondoka ni lipi?"

Elieth akaushika mkono wake, akauweka juu ya L, E, F, T. Bibi Anyesi aliligusa kama mtu anayepapasa paji la uso la mgonjwa. Kisha akachota saruji kwa mwiko, akaimwaga yeye mwenyewe juu ya mto wa zege, akaisawazisha vizuri.

"Mlaze," alisema.

Wakamlaza.

Njiani kurudi Msalato, Elieth alikuwa akijifunza kwa sauti, akikata na kuvuta, dereva akimtazama kwa pembe ya jicho. Akamgeukia mumewe. "Na wewe sema."

Bartolomayo alijikusanya. Mdomo wake uliokwenda upande haukuweza kukata kitu. Lililotoka lilikuwa refu, lenye mkia.

"Hapo umeniambia unaondoka," alisema Elieth.

Bartolomayo akajaribu tena, likatoka vilevile. Akatikisa kichwa. "Basi sisemi," alisema, akauweka mkono wake mzima juu ya goti la mkewe, na mkono huo haukutoka pale mpaka walipofika.

Baada ya hapo Elieth alibadili utaratibu. Kiingereza hakikuchongwa mpaka mteja aandike kwa mkono wake na aseme maana yake kwa Kiswahili. Likibaki na utata, alimpigia Obedi, akamsomea herufi moja moja, naye Obedi akamwambia lipite au lisimame. Alizipitia pia picha za mawe ya zamani zilizokuwa simuni mwake. Katika moja alikuwa ameandika PAST AWAY, ile *past* ya wakati uliopita, badala ya *passed* ya mtu aliyepita. Mteja alileta hivyo, naye akanakili. Alikwenda mwenyewe kwa wenye jiwe, akawaeleza, akataka kulirekebisha. Walimsikiliza, wakamkaribisha chai. Mwisho mtoto mkubwa wa marehemu akasema, "Mama yetu tumeshamzoea hivyohivyo." Kwenye jingine mwinjilisti aliyeongoza kanisa alikuwa LEAD badala ya LED. Hao walikubali. Elieth aliijaza ile A kwa unga wa marumaru na gundi, akaing'arisha, na kukabaki pengo dogo katikati ya neno ambalo halikumpendeza Bartolomayo kabisa.

Bibi Anyesi alikuja Msalato mwaka uliofuata, baada ya mavuno, ameshika kiroba cha unga wa uwele. Alikagua mawe yote, akayagonga kwa kifundo cha kidole, akauliza bei ya hili na lile, mpaka Elieth akaelewa anajitafutia lake, akaigeuza ile habari kuwa mzaha, akamwambia hajafika huko. Bibi Anyesi alikubali kukaa. Elieth akaweka maji motoni, akafungua kile kiroba, akaanza kusonga ugali, huku mgeni na Bartolomayo wakiongea kwa Kigogo pale mezani pa kazi, wakibishana kwa raha kama mstari mpya umenyooka au haujanyooka.